Kipanga Kilichojifunza Kuyumba

Kipanga kilipoanguka mara ya tatu, wifi yangu Sechelela alisema kama kingekuwa mume angekwisha kukirudisha kwao.

Hakikuumia. Ni mwewe wa bandia aliyeundwa kwa povu gumu na mbavu za mwanzi, mabawa yake hayazidi upana wa kanga iliyokunjuliwa, na mbaazi zilikidaka kabla hakijafika chini. Hapo tulishukuru, maana kwetu chombo cha kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, hakigusi udongo tangu mtama unapochanua mpaka uingie ghalani. Kombeo, kamba za makopo, debe la kugonga, vyote hukaa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia mtama. Ukiviweka chini, ndege nao watashuka chini. Ndivyo walivyotufundisha waliotulea, na vipanga vilipokuja vikaingizwa kwenye mwiko huohuo bila mtu kuuliza. Tunakirusha kwa mkono kutoka dunguni, kinarudi kutua kwenye wavu tuliofunga kando ya ngazi.

Nilikitoa mbaazini, nikampa Sechelela aliyekuwa juu ya dungu, nikapanda.

"Geuza tena ile ya kope," akasema.

Nikamwambia ile ya kope tumeshaigeuza kama chapati, itaungua. Akasema basi iungue, mradi kiruke.

Kope ni vile vibao viwili vya nyuma ya mabawa, kimoja kulia na kingine kushoto, vinavyopanda na kushuka. Tunaviita hivyo kwa sababu vinapepesa. Chaneli ya kwanza ya rimoti ni yao. Ya pili ni ya mkia wa kupanda na kushuka, ya tatu ya injini, ya nne ya usukani. Hizo nne hazikutusumbua. Ya tano na ya sita ndizo za jairo, kile kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachokaa tumboni mwa kipanga na kuhisi kila kinapoinama. Ya tano unapimia ukali wake: ukiiweka chini jairo inasinzia, ukiipandisha mno kipanga kinatetemeka kama mtu mwenye homa. Ya sita nitaisema wakati wake ukifika.

Kilichomchosha wifi kilikuwa hiki. Mkono wako ukielekeza kulia, kope ya kulia hupanda, bawa likainama, kipanga kikakata kulia. Lakini jairo ikihisi bawa la kulia limeinama bila wewe kutaka, hushusha kope hiyohiyo ili bawa linyanyuke. Kope moja, mabwana wawili, na kila mmoja ana amri yake. Sechelela alikiinamisha kipanga kwa mkono, akaona kope inakwenda kinyume na alivyoizoea kwenye kijiti, akasema imekosewa. Akaigeuza. Kikaruka na kubingirika. Nikairudisha. Yeye akaigeuza tena nilipokwenda kuchota maji, akidhani nimesahau.

Safari hii nilikataa kutoa rimoti. Nikairudisha kope ilivyotakiwa, nikaipima mbele yake, bawa chini kope chini, nikamwonyesha kwa kiganja changu jinsi upepo unavyosukuma. Aliangalia akiwa amekunja uso kama anayeuziwa nyama ya jana.

"Haya, shangazi wa jairo," akasema. "Washa."

Ukiwasha, rimoti huzungumza. Ina sauti ya mwanamke mpole ambaye hajawahi kuamia ndege maishani mwake. "Kiweke mahali pasipotikisika," ikasema. "Usikiguse. Ninajifunza kutulia."

Tukakiweka katikati ya dungu, juu ya mkeka, tukajibana pembeni bila kusogea. Sechelela alibana pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Upepo ukavuma, miguu ya dungu ikalia. Rimoti ikashukuru. Tukakirusha.

Kilikwenda vizuri hadi juu ya mbuyu mdogo wa mpakani, halafu kikaanza. Kikalala kushoto, kikalala kushoto tena, kikatulia kidogo, kikalala kulia. Kushoto, kushoto, kimya, kulia. Wifi alipigana na vijiti huku akikitukana matusi ambayo nisingeyaandika hata kama ningejua herufi zake. Mimi nilikuwa nimekaa, naangalia tu, na mwili wangu ukaanza kuyumba pamoja nacho. Nilikuwa naujua mwendo ule. Nimeujua tangu nilipoletwa hapa bibi arusi na kupewa dungu hili. Mguu mmoja wa dungu uliliwa na mchwa, ukaungwa kwa gogo fupi, na tangu hapo upepo ukivuma linakwenda kushoto, kushoto, linasita, halafu kulia.

Nikamwambia, "Wifi, kimejifunza dungu."

Hakunielewa. Nikamweleza kwamba jairo hizi mpya hazina utulivu wa kuzaliwa nao. Hujifunza pale zinapowashwa, na pale ndipo huhesabu kuwa ndiyo dunia iliyotulia. Sisi tumeiwasha juu ya kitu kinachoyumba, sasa iko angani inahangaika kuyumba ili ipate kutulia.

Alikirudisha wavuni, akakaa, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Aliniuliza kama nataka kukiweka chini. Wiki ya kukomaa mtama. Kwenye udongo. Mwaka ambao mtoto wake anangoja.

Hakuhitaji kunikumbusha. Mwaka jana hatukuwa na kipanga, na kwelea kwelea walimaliza mtama wetu wote. Tukala unga wa msaada ulionuka magunia. Eunike, binti yake, alidhoofu mpaka kaka mkubwa wa Sechelela na mume wangu akaja kumchukua, akampeleka kwake Kibaigwa ambako kuna chakula. Makubaliano yalikuwa mafupi: mtama ukiingia ghalani, mtoto anarudi. Tangu siku hiyo Sechelela hukagua masuke kila asubuhi kama mtu anayeangalia barabara.

Nilikichukua kipanga, nikateremka, nikakipeleka mbele ya kibanda chetu cha shambani, kwenye jiwe la kusagia la marehemu mama mkwe. Jiwe bapa, zito, limeota pale tangu kabla ya kuzaliwa mume wangu. Nikakilaza juu yake. Nikamtazama wifi kule juu.

Alifikiri. "Jiwe si udongo," akasema hatimaye, kwa shingo upande.

Kipanga kilijifunza kutulia juu ya jiwe la mama yake Sechelela. Tulipokirusha, kilikwenda kama uzi uliovutwa.

*

Kwelea walikuja jioni ileile, jua lilipoanza kulegea, kama kawaida yao. Kwanza unaona moshi upande wa mlima, halafu moshi unajikunja, unasema hapana, moshi haujikunji hivyo. Siku hizi wanakuja wengi kuliko waliowahi kuonwa na wazee. Sumu iliyokuwa ikinyunyizwa kutoka kwenye ndege kubwa ilikatazwa zamani baada ya kuua mpaka nyuki na bundi, na mvua zilipobadili njia na kwelea nao wakabadili.

Nilikuwa na rimoti mimi. Sechelela aligonga debe na kupiga kelele yake, ile inayowafanya mbuzi wa jirani wakimbie. Nikakipandisha kipanga juu ya wingu, nikakishusha pembeni, wingu likapasuka, likahama. Wakaelekea korongoni, kule tulikotaka. Ng'ambo ya korongo kuna shamba la mzee Ndahani, na nyuma ya shamba lake ni mbuga ya matete ambako hulala. Kazi yetu ni kuwafikisha korongoni, yeye awapokee na kuwavusha hadi matete. Nyuma yetu mlima, hawarudi huko jioni.

Kwenye ukingo wa korongo kipanga kikageuka.

Sikukigeuza mimi. Kiliinama kwa adabu, kikazunguka, kikarudi kwetu. Na wale ndege, walipoona mwewe kaondoka, wakarudi nyuma yake, wakamwagika kwenye mtama wetu wa chini.

Nikawasukuma tena. Kikageuka tena, palepale.

"Kope?" akauliza Sechelela, na sauti yake ilikuwa na kitu kibaya ndani.

Nikasema si kope. Ni chaneli ya sita.

Hiyo ni swichi ndogo ya vituo vitatu, juu ya bega la rimoti. Cha kwanza ni mkono mtupu, jairo imelala. Cha pili jairo inatuliza bawa na basi. Cha tatu kinaitwa ujirani. Katika kituo hicho jairo inasikiliza jairo za mashamba mengine, na haikubali kusukuma ndege kwenda kwenye shamba ambalo kipanga chake hakijapaa. Rimoti ina vitaa pembeni, kimoja kwa kila jirani. Cha mzee Ndahani kilikuwa chekundu. Kipanga chake kilikuwa hakiko juu.

Waliouweka ujirani hawakuuota tu usingizini. Zamani mtu kabla ya kufukuza ndege alimwita jirani, "Wanakuja huko," akangoja aitikiwe ndipo awafukuze. Vipanga vya kwanza havikujua kungoja. Watu walirushiana ndege kama mpira, na aliyekuwa na kipanga chenye nguvu ndiye aliyevuna. Msimu mmoja upande wetu uliwamwaga wote ng'ambo. Wale wa ng'ambo walikula mizizi, na mke wa Ndahani hakuuona msimu uliofuata. Baada ya hapo vikundi vya wakulima wa pande zote vilikaa, vikakubaliana vituo viwe vitatu na kwamba wakati wa mavuno kila mtu akae kwenye cha tatu. Hakuna kufuli. Swichi ni swichi, kidole chako ndicho mlinzi.

"Weka mkono mtupu," akasema Sechelela.

Niliita ng'ambo kwa nguvu zangu zote. Upepo ukairudisha sauti. Nikaona kwenye dungu la Ndahani mtu amesimama, mdogo kwa umbali, halafu kipanga kikatoka mkononi mwake. Kitaa chake kwenye rimoti yangu kikawa kijani, nikapumua. Kipanga chake kikalala kulia, kikalala kulia, kikapinda, kikaanguka mgongoni mwa mtama wake. Kitaa kikawa chekundu.

Wifi naye aliona. Jana, kabla hatujagundua kosa la dungu, alikuwa amesimama ukingoni mwa korongo akimfundisha yule mzee kwa kupaza sauti, amejaa fahari, neno kwa neno: kiweke katikati ya dungu, mzee, juu ya mkeka, usipumue.

"Nimemfundisha mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Basi ni mzee, atajua mwenyewe. Nyemo, wanakula. Sikia."

Nilikuwa nasikia. Ndege wengi wakila mtama hutoa sauti kama mvua inayoanza, na ukishaisikia mwaka mmoja hutaki kuisikia tena. Aliniambia mambo mengi kwa haraka, na yote yalikuwa kweli. Kwamba Ndahani hana mtoto wa kumlisha na sisi tunaye. Kwamba mashamba yake ni mawili na letu moja. Kwamba kupita kwa mkono mtupu ni mara moja tu, leo tu, na hakuna atakayejua. Kwamba mimi sijazaa, kwa hiyo napima kwa kipimo cha mtu asiye na mzigo. Hilo la mwisho aliliona limetoka akaliacha lilivyo.

Nilikuwa na jambo moja tu: kosa lililokibwaga kipanga cha yule mzee lilitoka kwenye dungu letu. Tukimmwagia ndege juu ya kosa letu wenyewe, hata nikila ugali wa mtama huo utanikaa hapa kooni.

Ila kwa upepo wa leo sauti haifiki ng'ambo. Lazima mtu avuke, na lazima mwingine abaki akikizungusha kipanga juu ya mtama, walau kupunguza. Sechelela ana goti bovu, korongo hawezi.

Nikamvisha rimoti shingoni.

Akaitazama, akanitazama. "Unanipa mimi," akasema.

Nikasema hakuna mwingine hapa. Nikashuka.

*

Korongo lina mchanga unaokula miguu. Nilikimbia nikiangalia juu kuliko chini, nikaanguka mara mbili, na kila nilipoinuka nilikitafuta kipanga. Kilikuja juu yangu na ndege mbele yake, nikasema sasa. Kikainama kwa adabu, kikageuka. Nikapanda ukingo wa pili nikishika mizizi. Kikaja tena. Nilisimama, sikuweza kutembea mpaka nijue kama wifi amegusa swichi. Kikageuka.

Mzee Ndahani alikuwa amekaa juu ya dungu lake, kipanga mapajani, anakipapasa kope moja kama anayempima mbuzi masikio. Nikaanza kueleza nikiwa bado chini.

"Mbukwa," akasema.

Nikaitikia salamu. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema njema. Za mume wako kule kwenye mitambo ya upepo? Njema, babu. Mbuzi? Wazima. Na wifi yako goti lake? Nikasema goti lake linaendelea, huku nyuma yangu ile mvua inanyesha kwenye mtama wetu, na nilitamani kumshusha kwa kamba. Lakini kwa wazee wa huku salamu huwezi kuikata katikati. Ukiikata inaanza upya.

Ilipokwisha nikamwambia kuhusu jairo, na mchwa, na jiwe. Alisikiliza kwa makini. Akasema dungu lake haliyumbi, amelijenga mwenyewe. Nikamwomba ashike nguzo. Akashika, akangoja upepo. Ukaja. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba anakoroma.

"Chini sikiweki," akasema. "Nimezeeka na mwiko huu."

Nikamwonyesha mwamba wa kuanikia, pale mwisho wa shamba, mpana kama uwanja wa ngoma.

Aliufikiria mwamba ule. Aliufikiria polepole, kutoka kona hadi kona. Juu yetu kipanga chetu kikaja na kugeuka, na safari hii nilisikia sauti ya wifi kwa mbali, si maneno, sauti tu, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayegombana na mtu aliye chumbani.

"Udongo hula mbegu," mzee akasema. "Mwamba hauli kitu. Nishike mkono nishuke."

Tulikilaza mwambani. Ile sauti ya mwanamke mpole ikatuomba tusikiguse. Hatukukigusa. Nilimwachia arushe mwenyewe, kwa kuwa ni kipanga chake. Kilipanda kikiwa kimenyooka, kikakata juu ya mtama wake, na mzee akanyoosha mgongo.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka mikono mdomoni akaita kuelekea kwetu, kwa sauti ya zamani, ndefu, ya watu walioamia kabla ya rimoti: "Waleteni."

Sijui kama Sechelela alisikia au aliona kitaa kikigeuka kijani. Kipanga chetu kikaja. Kwenye ukingo hakikugeuka. Kilipita juu ya vichwa vyetu na wingu lote mbele yake, jua likafifia kidogo, kile cha mzee kikawapokea ubavuni, na wakaenda, wakaenda, wakamwagika kwenye matete. Hakuna aliyetua njiani.

*

Nilirudi kwa miguu, polepole, kwa sababu sikutaka kufika.

Mtama wa chini, wote ulio kati ya kibanda na mbaazi, ulikuwa masuke meupe yasiyo na kitu, yamesimama wima kama yana jambo la kujivunia. Wa juu ulikuwa mzima. Sechelela alikuwa bado dunguni, kipanga wavuni, rimoti shingoni. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nusu," akasema nilipopanda. "Sasa nimwite mtoto arudi nusu? Miguu ije, kichwa kibaki kwa mjomba?"

Nikakaa. Nikasema tutamwita wote, tutapima vibaba vizuri, na mimi nimezoea kula kidogo. Akasema mimi sijazoea kula kidogo, ananiona. Ilikuwa kweli.

Aliitazama ng'ambo, akasema yule mzee alikuwa na haja gani ya kuuliza habari za mbuzi. Nikasema aliuliza na habari za goti lako. Akaguna. Halafu akavua rimoti, akanipa bila kunitazama.

Niliipokea, kidole changu kikaenda penyewe begani mwa rimoti kuangalia swichi ipo kituo gani. Haikuweza kusogea. Ilikuwa kwenye cha tatu, imefungwa kwa uzi uliochanwa kutoka pindo la kanga yake, umezungushwa na kuzungushwa, na fundo limekazwa kwa meno, maana bado lilikuwa na unyevu. Nikauona na ukingo wa kanga umechanika mpaka karibu na magoti.

Nilianza kulifungua fundo kwa ukucha.

"Acha hivyohivyo," akasema. "Kesho wanakuja tena."